Myamba

Myamba (huandikwa pia Miamba) ni kata ya Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, katika milima ya Upare Kusini. Wenyeji wake wengi ni Wapare, ambao lugha yao huiita Chasu. Pamoja na Mamba, jirani yake, inafahamika nchini kwa kilimo cha tangawizi.

Watu na ardhi

Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 270,000 wilayani Same. Ile ya 2022 ilivuka 300,000. Mlimani ardhi ni ile ile. Shamba la babu hugawiwa wana, kisha wajukuu, mpaka fungu la mmoja linabaki matuta machache kwenye mteremko. Kushukia tambarare si jambo jepesi: kule mvua ni haba, na sehemu kubwa ya nyika ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Ndiyo maana vijana wengi hutafuta maisha Same mjini, Moshi, Tanga na Dar es Salaam.

Maji na kazi ya pamoja

Tangu enzi za mababu, Wapare huchimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito. Ndiva hujaa usiku. Asubuhi mlango hufunguliwa na maji hufuata mfereji hadi mashambani, kila mkulima kwa zamu yake. Tope likijaa, watu huitana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na ujira. Umoja huo ulionekana pia mwaka 1945, maelfu ya Wapare walipokusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu.

Tangawizi

Bei ya kahawa ilipoyumba, tangawizi ikawa tegemeo la kaya nyingi. Mkulima huchagua vipande vyenye macho, huvifukia kwenye matuta, na baada ya miezi minane au zaidi huichimbua tangawizi kwa uangalifu asiivunje. Huikung'uta udongo, huijaza kwenye magunia, kisha husubiri gari na mnunuzi. Wote wakivuna kwa pamoja, bei hushuka, na mwenye ada ya shule ya kulipa hana nguvu ya kusubiri.

Matarajio

Tangawizi mbichi kwa sehemu kubwa ni maji. Anayeishusha mlimani ikiwa mbichi hulipa nauli ya maji hayo, katika barabara ya milimani inayoteleza masika; na kazi ya kuikausha na kuisaga huwapa ajira watu wa mbali. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kiwanda cha usindikaji kilichojengwa Mamba Myamba kutokana na juhudi za ushirika wa wakulima. Ardhi haiwezi kuongezwa, ila thamani ya kinachotoka humo inaweza. Kila gunia linalosindikwa hapo hapo ni siku za kazi kwa kijana wa Myamba, na sababu ya kubaki nyumbani.