UZI: Mahari, ng'ombe na yale maneno ya "kununua mke"

1/ Mjadala wa haki za wanawake ukifika huku kwetu Kakamega, lazima mmoja aseme "mahari ni kununua mwanamke" na mwingine ajibu "usiguse mila zetu". Kabla ya matusi, turudi nyuma kidogo.

2/ Neno mahari lina asili ya Kiarabu. Kwa Waislamu wa Mumias, ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Obukhwi ya Waluhya ni kitu kingine: ng'ombe wanaenda kwa baba na jamaa zake. Neno moja, mambo mawili.

3/ Hao ng'ombe mara nyingi hawakukaa. Waliotolewa kwa ajili ya dada ndio kaka alioa nao. Ndoa ikiyumba, boma kadhaa zilitikisika, ndiyo maana wazee walikimbilia kupatanisha. Lakini tuseme ukweli: dada aliyepigwa pia aliweza kurudishwa kwa mumewe kwa sababu ng'ombe walishatumika.

4/ Na hii "kununua" si maneno ya wanaharakati wa leo. Mwaka 1917, kwenye kesi ya Rex v Amkeyo, Jaji Mkuu wa kikoloni Hamilton alisema ndoa ya kimila ni ununuzi wa mke, haistahili kuitwa ndoa. Matokeo? Mke wa kimila angeweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Mke wa ndoa ya kizungu alikingwa.

5/ Halafu pesa ikaingia. Kodi ya kibanda, vibarua vya mbali, migodi ya dhahabu ya Kakamega miaka ya 1930. Ng'ombe akaanza kuhesabiwa kwa shilingi. Leo "ng'ombe" anaweza kufika kwa M-Pesa.

6/ Sheria inasemaje? Sheria ya Ndoa ya 2014: pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 45: mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuachana. Jirani Uganda, mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliacha mahari yenyewe, ikakataa kuirudisha ndoa ikivunjika.

7/ Lakini mtihani wenyewe huja kwa matanga. Mama akifariki kabla hajatolewa kitu, jamaa zake wanaweza kusema hazikwi mpaka ng'ombe waje. Watoto wanalia, wazee wanapiga bei. Na binti yake akiposwa, baba anaulizwa: wa mama yake ulitoa?

8/ Kwa hivyo mtu akiomba kura kwa "kulinda mila" ama "kufuta mahari", muulize: je, unataka kulinda ile heshima ya boma mbili, ama ile bei? Na mwanamke akitaka kutoka kwa ndoa inayomuumiza, nani atamzuia kwa sababu ya ng'ombe?