Mbao zilizoponzwa na matunzo

Alfajiri ya 31 Machi 1986, moto ulizuka katika kasri la Hampton Court, nje kidogo ya London, juu ya vyumba alivyojengewa Mfalme William wa Tatu. Mkazi mmoja mzee alifariki. Paa liliporomoka, na nakshi za Grinling Gibbons zilizopamba kuta za mbao za mwaloni zikaangukia majivu na maji ya zimamoto.

Nyingi zilipona. Iliyoteketea kabisa ni moja, ya urefu wa kama mita mbili, na kazi ya kuichonga upya akapewa Mmarekani David Esterly, aliyejifundisha uchongaji baada ya kuiona kazi ya Gibbons katika kanisa moja la London.

Gibbons, mzaliwa wa Rotterdam mwaka 1648, alichonga maua na matunda kwa mti wa lindeni, laini na mweupe, akaziacha nakshi hizo bila rangi wala vanishi ili zing'are juu ya mwaloni. Esterly alipozitazama kwa karibu aliona mikwaruzo myembamba juu ya maua. Akang'amua kwamba Gibbons alisugulia mashina makavu ya mmea wenye silika, kama mafundi wa pwani yetu walivyosugulia majani ya msasa.

Weupe huo haukudumu, na adui hakuwa moto. Katika karne ya 19 fundi W. G. Rogers alizilowesha nakshi za Gibbons katika majumba ya wakubwa kwa kloridi ya zebaki, aue wadudu wanaobungua mbao, kisha akazipaka gundi na vanishi. Kwingine zilipakwa nta, na nta ikanasa vumbi na masizi. Hatimaye watu wakaamini kwamba zilizaliwa na rangi ya kahawia. Esterly alitetea kurudishwa kwa weupe, wakuu hawakukubali. Kwa maoni yangu, haki ilikuwa yake.

Mwaloni wenyewe una masharti yake. Kila ubao huchomekwa katika mfereji wa fremu bila gundi, upate nafasi ya kutanuka na kusinyaa hewa inapobadilika. Fundi mwenye bidii akiujaza mfereji huo gundi au rangi nzito, ubao hukosa pa kwenda, ukapasuka katikati. Ndiyo maana watunzaji wa leo huanza na brashi laini na kipimo cha unyevu, na kopo la mafuta hubaki kabatini.