Askari Anapanga Wapi?

Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Mjerumani katika Afrika Mashariki lilikuwa na kompania 14. Kompania ya nne ilikaa Kilimatinde, na sehemu yake nyingine ilikuwa Singida. Katika vitabu vya vita hiyo sentensi huja hivyohivyo, mstari mmoja ndani ya orodha, kisha mwandishi anakimbilia Tanga na Mahenge kwenye mapigano. Mimi nimekwama kwenye mstari huo kwa karibu mwaka mzima. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na swali langu ni dogo kiasi kwamba wenzangu darasani hulicheka: hao askari walilala wapi?

Kwa asiyepajua, Kilimatinde iko wilaya ya Manyoni, juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa, na nyanda za Bahi zimetanda chini upande wa mashariki. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita hapo. Ndiyo maana Wajerumani walijenga boma katika miaka ya 1890. Anayeishika Kilimatinde anaishika njia, na anayeishika njia anashika pembe, chumvi, nguo na watu.

Jeshi lenyewe lilikuwa bado changa. Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliajiri Wasudani huko Misri na Washangaan kutoka Msumbiji, akaja nao pwani kuzima vita ya Abushiri. Mwaka 1891 kundi hilo likawa jeshi rasmi la koloni. Baadaye wakaingizwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine. Kwa hiyo kijana aliyepangiwa Kilimatinde kwa kawaida alikuwa mgeni. Lugha ya hapo hakuijua, ndugu hakuwa nao, na tembe zile za udongo zenye paa bapa, za Wagogo na Wanyaturu, hazikufanana na nyumba za kwao. Alipewa bunduki na mshahara. Nyumba ilikuwa shauri jingine.

Wazungu walikaa bomani. Askari walikaa nje, kwenye kijiji chao pembeni ya kuta, kila mmoja na nyumba yake, mke, watoto, kijana wa kumbebea vyombo, na mara nyingine watu waliotekwa vitani au waliokuwa watumwa. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake cha 2014 kuhusu askari hao, anakichukulia kijiji hicho kwa uzito, na mimi namfuata. Hoja yake ni kwamba wengi hawakuingia jeshini kwa mapenzi ya Kaizari. Walitaka kuwa wakubwa, yaani wanaume wenye kaya, wenye watu nyuma yao, ambao wakipita wanaamkiwa. Kuanza kazi ya jeshi na kuanza nyumba kulikuwa jambo moja.

Sasa tazama neno kodi. Kwa Kiswahili chetu ni hilohilo unalolipa serikali na hilohilo unalompa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Kuanzia mwaka 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na kwa nyumba ya kijijini kiwango cha kawaida kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Asiyekuwa na rupia alitoa mazao au nguvu zake. Waliotumwa kuikusanya walikuwa askari. Yule aliyekuja bila nyumba akapata nyumba kwa kupita katika nyumba za wengine akidai. Watu hawakunyamaza. Unyaturu wanamsimulia Liti Kidanka, mwanamke aliyewatumia nyuki dhidi ya Wajerumani na askari wao, na uwanja wa mpira wa Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, leo una jina la Liti.

Nayaandika haya nikijua kwamba mdogo wangu ni mwanajeshi. Alijitolea JKT, akachaguliwa, akaenda Kihangaiko kule Msata kwa mafunzo ya awali, akarudi amekonda na ana adabu ambayo mama hakuwahi kufanikiwa kumtia. Kikosi chake sitakitaja. Nyumba za kambini hazikumfikia, akaambiwa atafute chumba uraiani. Nilikuwa Singida wakati huo, kwa hiyo tulizunguka pamoja na dalali siku mbili, jua la Septemba kichwani na vumbi mpaka kwenye meno. Tulikuta chumba na sebule, choo cha ndani, luku ya peke yake, kwa mama mmoja anayefuga kuku na kukamua alizeti. Alimtazama mdogo wangu viatu kwanza.

“Mwanangu, wewe ni mwanajeshi?”

“Ndiyo, mama.”

“Nyie kwenye kulipa hamna shida. Shida yenu ni kuhamishwa. Utanilipa miezi sita, na bunduki sitaki kuiona hapa.”

Alimweleza kwamba bunduki hukaa ghalani kikosini, haiji nyumbani. Mama akasema anajua, ila anasema tu. Jioni tulibeba godoro, ndoo mbili, jiko la gesi na pazia alilolinunua mnadani bila kupima dirisha. Mke hana, na hakutakiwa kuwa naye: matangazo ya kuandikisha vijana jeshini hutaka asiyeoa wala kuolewa. Hapo ndipo nilipoona tofauti iliyokuwa ikinikimbia maktabani. Jeshi la Kilimatinde liliacha kaya imfuate askari. Jeshi la leo linamchukua kijana kabla hajawa na kaya, na kaya itakuja baadaye, kwa kibali, ikipata chumba.

Neno moja limevuka salama kati ya hayo mawili. Cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi la Mjerumani kilikuwa efendi, jina la Kituruki lililoletwa na wale Wasudani wa jeshi la Misri. Waingereza nao walilitumia katika KAR. Mdogo wangu hulisema mara hamsini kwa siku: afande.

Kaya zile za Kilimatinde ziliishia barabarani. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 ikipita Saranda na Manyoni, ikaiacha Kilimatinde pembeni. Kisha vikosi vya van Deventer vikashuka kutoka Kondoa, na kufikia mwanzo wa Agosti 1916 Dodoma, Kilimatinde na Singida zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Askari waliorudi nyuma na Lettow-Vorbeck walikwenda na wake zao na watoto. Waliobaki na msafara ule walifika mpaka Abercorn, Mbala ya sasa nchini Zambia, silaha ziliposalimishwa Novemba 25, 1918. Kuna watoto waliozaliwa njiani na kujifunza kutembea njiani. Nyuma yao, Ugogo ulikuwa umeachwa mtupu. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua zikakosa, na njaa iliyofuata hadi 1920 Wagogo wanaiita Mtunya. Ninapoandika kuhusu nyumba ya askari lazima niweke na hii kwenye hesabu, maana chakula cha kijiji kile pembeni ya boma kilitoka shambani kwa mtu.

Baadhi ya askari waliotekwa waliingizwa batalioni ya sita ya KAR, wakabadilisha bendera na kuendelea na kazi. Batalioni hiyo ndiyo iliyorithiwa na Tanganyika Rifles. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964 askari wa Colito, Dar es Salaam, waliasi, na siku iliyofuata wa Kalewa, Tabora, wakafuata. Walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke, na mshahara upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi hadi 260. Wengi hukumbuka dai la kwanza kwa sababu lina heshima ya siasa. Mimi nimelisoma la pili nikiwa nimetoka kuhesabu kodi ya miezi sita na mtu anayevaa magwanda, na sioni kwamba ni dogo. Jeshi hilo lilivunjwa, na Septemba 1 mwaka huo ikaundwa JWTZ, kwa kuchagua vijana kutoka TANU na JKT, ambayo ilikuwa imeanzishwa Julai 10, 1963.

Mwaka huohuo wa 1964, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari wa zamani malimbikizo yao ya mishahara ya vita. Mtunza fedha alifika Mwanza, na inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza, wengi hawana cheti wala karatasi yoyote. Akampa kila mmoja ufagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Ilikuwa imepita miaka 46. Hakuna aliyekosea.