Boriti katika Ukuta wa Jirani

Katika mji wa Lamu, au Amu kama wenyewe tunavyouita, nyumba ya mawe hufuata wanawake. Karne ya 18, mji ulipokuwa umeshamiri kwa biashara ya pembe, boriti na nafaka za bara, baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya wazee, na mume ndiye aliyehamia. Mimi nami nilihamia. Natoka Faza, kisiwani Pate, nafundisha historia shule ya sekondari, na nyumba tunayokaa mtaa wa Mkomani ilikuwa ya bibi mzaa mama wa mke wangu. Tuliikuta imefungwa kwa miaka mingi, popo wamejaa ndani na pande moja la dari limeanguka chini na boriti zake.

Wengi wanaona kukarabati nyumba ya namna hii ni suala la fundi na pesa. Vinahitajika vyote viwili, tena pesa nyingi. Lakini mimi nashikilia kwamba kazi ya kwanza ni kuwajua majirani na babu za majirani, kwa kuwa nyumba ya mawe ya Amu haikujengwa iwe ya mtu mmoja. Ukuta wetu wa kusini ndio ukuta wa kaskazini wa jirani. Boriti zetu zimeingia humo upande huu, zake zimeingia upande ule. Juu ya kichochoro kipo chumba kilichovuka kutoka kwetu hadi nyumba ya mbele, kile watu wa hapa wanachokiita wikio. Kilijengwa ili ndugu wawili wa kike watembeleane bila kushuka njiani. Mkomani imejaa wikio, na mzee anayeujua mtaa anaweza kupita chini yake akakutajia nani alikuwa ndugu ya nani, nani aliolewa na binamu yake, na mlango upi ulizibwa baada ya ugomvi wa mirathi.

Upana wa vyumba uliamuliwa na mkoko. Gogo la mkoko linaloweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa haliwezi kuvuka nafasi inayozidi kiasi cha mita 3, kwa hiyo hata tajiri mkubwa wa Lamu alilala katika chumba chembamba na kirefu. Alichoweza kufanya ni kuongeza vyumba, kimoja nyuma ya kingine. Unaingia daka, ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe, unapita tekani iliyopinda ili wa njiani asione ndani, unatokea kiwandani, ua wa ndani penye mwanga. Kando yake iko sabule ya wageni, ambao hawakuwa na haja ya kwenda mbali zaidi. Baada ya hapo ni vyumba virefu viwili, msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, ukuta wake umejaa zidaka za chokaa iliyochongwa, ambamo ziliwekwa sahani za kaure za China. Nyuma kabisa ni nyumba kati, chumba cha giza. Humo wanawake walijifungua, na humo maiti waliogeshwa. Mke wangu alitaka tukifanye stoo. Mama mkwe hakusema neno, ila alikwenda akakifagia yeye mwenyewe, na stoo tukaitafutia mahali pengine.

Mawe yalitoka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, na mpaka leo yanachimbwa huko Maweni na kuvushwa kwa mashua, halafu punda wanayapandisha vichochoroni kwa sababu gari halipiti. Miimo ya milango na nakshi zilichongwa kwa matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi na laini, ambayo hukauka yakawa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Na nani aliyechimba, aliyebeba, aliyechoma? Kwa sehemu kubwa ni watumwa. Walilima pia mashamba ya bara, pande za Mkunumbi na Mpeketoni, ambayo mavuno yake yaliwalipa mafundi wa nakshi. Mababu wa mke wangu walikuwa na watumwa. Nawaeleza wanafunzi wangu jambo hilo bila kulifunika, na nimewaeleza wanangu, kwa sababu wao ndio wanaolala chini ya dari hizo. Majina ya waliozijenga hayakuandikwa popote ndani ya nyumba, ilhali jina la mwenye nyumba kila mtu mtaani analijua.

Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Tayari reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka 1901 na kuivuta biashara yote kusini. Mashamba ya bara yakarudi vichaka. Familia kubwa za Mkomani zikabaki na nyumba zisizoweza kuzitunza, na watu wakaanza kuhama, Mombasa kwanza, kisha Nairobi, wengine Ghuba. Ufukara huo huo ndio uliouokoa mji. Hapakuwa na mwenye fedha za kubomoa akajenga upya, kwa hiyo miji mingine ya pwani ilipobadilika sura, Lamu ilisimama ilivyo, ikibomoka polepole. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyeuchunguza mji huu akatoa kitabu chake mwaka 1975, aliukuta ungali wa kupimika nyumba kwa nyumba. Mwaka 1986 serikali iliutangaza mji mkongwe kuwa eneo la kuhifadhiwa, na mwaka 2001 UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia eneo la hekta 16. Tangu hapo huwezi kugeuza sura ya nyumba yako bila kibali. Wapo wanaolalamikia sheria hiyo. Mimi siilalamikii, ila nasema sheria inalinda ukuta, hailindi ujirani uliofanya ukuta ule uwe wa watu wawili.

Ugonjwa mkubwa wa nyumba hizi katika zama zetu ni saruji. Kwetu, mtu fulani zamani alipiga lipu ya saruji ukuta mzima wa msana wa tini, kwa nia njema kabisa, akitaka kuzuia unyevu. Fundi wetu, mzee aliyejifunza kwa baba yake, aliingiza ncha ya mwiko pembeni akachokoa. Likatoka bapa zima kubwa kama sinia. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, limeota unga mweupe wa chumvi, na ukiligusa linamumunyika kidoleni.

"Mwalimu," akaniambia, "maji yameingia yakakosa pa kutokea."

Ndiyo sayansi yenyewe. Jiwe la matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke yakauke. Saruji huyafungia ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, na jiwe linaliwa bila mtu kuona. Tuliibandua yote. Tukaacha ukuta ukauke kaskazi nzima kabla ya kupaka chokaa, na mtaa mzima ukawa unatuuliza kulikoni, mbona kazi imesimama.

Boriti nazo fundi alizipima kwa masikio. Alipanda ngazi akagonga kila moja kwa nyundo ndogo, katikati kisha karibu na ukuta, akasikiliza. Iliyo nzima hulia kwa ukali, iliyooza hujibu kwa sauti ya kufa. Karibu zote zilizokufa zilikuwa zimeoza mahali pamoja, kwenye ncha zilizomo ukutani, na ukuta uliohusika ulikuwa ule wa kusini, wa jirani. Kupata boriti mpya kulituchosha. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ikaguswa pia, wakataji wa Lamu wakakaa bure. Siwalaumu waliotaka mikoko ipone. Lakini nyumba ya mawe na msitu wa mikoko ni kitu kimoja kilichogawanyika mahali pawili, na anayepanga kuhifadhi kimoja hana budi kukaa na watu wa kingine.

Kutia boriti mpya maana yake ni kufungua ukuta ambao nusu yake si yetu. Hapo ndipo nilipojifunza namna watu wa Mkomani walivyoishi pamoja karne zote hizo. Sikwenda peke yangu. Tulikwenda mimi, mke wangu na mama mkwe, baada ya alasiri, tukapiga hodi kwa bibi wa nyumba ya kusini, mtu mzima sana, mjane. Kahawa ikaja, halua ikaja, habari za wagonjwa wote zikaulizwa, na mwisho mama mkwe ndiye aliyeeleza.

"Ukuta huo si wangu wala si wenu, mwanangu," bibi akanijibu mimi. "Ngojeni kijana wangu yuaja kutoka Mombasa, mzungumze naye. Mimi nina moja tu. Fundi asipande juu bila kupiga hodi. Asubuhi sisi tuko juu."

Jikoni kwao, kama kwetu, ni juu ya dari, kidari cha meko, na wanawake hupika na kukaa huko vichwa wazi. Basi kila siku ya kazi fundi alisimama kwenye ngazi akaita kwa sauti, akangoja ajibiwe, ndipo akapanda. Kijana alipofika tulikubaliana kwa muda mfupi kuliko kahawa ya mama yake. Imam wa msikiti wetu alitukumbusha Hadithi ya Abu Huraira, kwamba Mtume alikataza mtu kumzuia jirani yake asitie boriti katika ukuta wake. Darasani nimewahi kuitaja kama habari ya maadili. Mkomani ni kanuni ya ujenzi. Bila ya hiyo, mji huu usingeweza kusimama, maana hakuna ukuta mmoja ambao ungebeba dari mbili.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa mtaa. Hawaniiti tena Mpate, wananiita baba fulani, kwa jina la mwanangu.

Nyumba nyingi zimeuzwa kwa wageni, hasa Wazungu, hapa mjini na zaidi kijijini Shela. Nitasema haki: baadhi yao wamezikarabati vizuri kuliko sisi, wametumia chokaa, wamewapa mafundi kazi wakati ambapo wenyeji tulikuwa tukinunua saruji. Lakini nyumba iliyofungwa sehemu kubwa ya mwaka haina wa kumpigia hodi, na wikio inayoishia kwenye mlango uliozibwa haimfikishi mtu kwa nduguye. Mara nyingi nyumba huuzwa kwa sababu warithi ni wengi na wametawanyika, kila mmoja ana fungu dogo, hakuna anayethubutu kutoa pesa peke yake. Wanangoja, na wakingoja dari inaingia maji. Dari ikishaingia maji boriti zinaoza, boriti zikioza ukuta unakosa kufungwa, na mvua za masika chache tu zinatosha kuimaliza nyumba iliyosimama miaka 200.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi watu wa Amu mlioko Mombasa, Nairobi, Muscat na kwingineko, mwenye fungu la nyumba ya mawe asiache mwaka huu upite. Wapigieni simu ndugu zenu. Msianze na milango wala nakshi, hizo zinaweza kungoja. Changeni pesa za dari, mwiteni fundi wa chokaa angali hai, na kabla hajagusa ukuta, nendeni kwa jirani.