Soriasisi: Krimu kali za mpakani hupoza wiki moja, huzidisha mwaka mzima

MIONGONI mwa maradhi ya ngozi yanayowatesa watu kwa miaka mingi pasipo wenyewe kuyajua kwa jina, soriasisi ina nafasi ya pekee. Mgonjwa huanza kwa kuona baka moja juu ya kiwiko au goti, limeinuka kidogo na limefunikwa na magamba meupe yanayong'aa kama fedha. Akilikuna, magamba hupukutika na chini yake huchomoza vitone vya damu. Miezi kadhaa baadaye baka limekuwa mabaka matano, na kichwani umezuka mba mzito usiosikia dawa yoyote ya dukani.

Katika mji wa Tunduma, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia mkoani Songwe, mtu wa namna hiyo hakosi njia za mkato. Mji huo ni lango la barabara kuu iendayo Lusaka na nchi za kusini mwa Afrika. Malori hupanga foleni usiku na mchana, na bidhaa za kila aina hubadilisha mikono. Kama ilivyo katika miji mingi ya mpakani, si vigumu kupata krimu zenye steroidi kali, zile ambazo wengine huzinunua kwa ajili ya kujichubua. Mwenye soriasisi akipaka krimu hiyo, baka huyeyuka katika muda wa siku chache. Naye huamini kuwa amepona.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Akiacha kupaka, mabaka hurudi, na mara nyingi hurudi makubwa kuliko yale ya kwanza. Akiendelea kupaka miezi na miezi, ngozi hukonda hadi mishipa ya damu ikaonekana, michirizi hujitokeza mapajani na makwapani, na dawa yenyewe huanza kupoteza nguvu. Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, madhara makubwa ambayo mgonjwa wa soriasisi anaweza kuyaepuka hayatokani na ugonjwa wenyewe, bali na tiba zinazotumika bila ushauri.

Kisheria, Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) hadi mwaka 2019, ulipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dawa halisi za steroidi ni jambo jingine. Hizo ni halali na zina kazi muhimu katika tiba ya soriasisi, ila hutakiwa kutolewa kwa cheti cha daktari, kwa kipimo na kwa muda maalumu.

Ugonjwa wenyewe ni nini?

Soriasisi si fangasi, si upele, wala si matokeo ya uchafu. Haiambukizi. Mtu hawezi kuipata kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kulala kitanda kimoja au kunyonyesha. Ni ugonjwa unaotokana na kinga ya mwili kuihamasisha ngozi kupita kiasi. Kwa kawaida chembe za ngozi huzaliwa chini, hupanda juu na kupukutika katika kipindi cha takriban mwezi mmoja. Kwa mwenye soriasisi safari hiyo hukamilika katika siku chache tu, na chembe ambazo hazijakomaa hurundikana juu ya ngozi kama magamba. Urithi una nafasi yake, ingawa wapo wagonjwa wengi wasio na ndugu yeyote mwenye ugonjwa huo.

Vitabu vingi vya tiba huonesha soriasisi kwenye ngozi nyeupe, ambako baka huwa jekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Baka huwa la zambarau, la kahawia iliyoiva au la kijivu, na likipona huacha alama nyeusi au nyeupe kwa miezi kadhaa. Alama hizo si ugonjwa uliobaki. Wapo wanaoendelea kuzipaka dawa kali wakidhani kuwa bado hawajapona.

Kwa karne nyingi soriasisi ilichanganywa na ukoma, na watu walitengwa kwa ugonjwa usioambukiza. Ilikuwa mwaka 1841 ambapo daktari wa Vienna, Ferdinand von Hebra, aliyatenganisha maradhi hayo mawili waziwazi. Vijijini mkanganyiko huo haujaisha, na una hatari pande zote mbili. Kipimo cha awali ni rahisi: baka la ukoma huwa limekufa ganzi, mgonjwa hahisi akiguswa na pamba, ilhali baka la soriasisi huhisi na hata huwasha. Mwenye baka lenye ganzi asichelewe kwenda zahanati, kwa kuwa ukoma una dawa za kuuponya, nazo hutolewa bure.

Mkanganyiko mwingine unahusu Virusi vya Ukimwi (VVU). Ni kweli kwamba soriasisi inayoanza ghafla kwa mtu mzima na kuenea mwili mzima inaweza kuwa dalili ya VVU, na daktari atashauri kupima. Kwa anayekutwa na maambukizi, dawa za kufubaza virusi mara nyingi huituliza ngozi pia. Lakini wenye soriasisi walio wengi hawana VVU, na jirani anayemnyooshea mtu kidole kwa sababu ya magamba ya viwiko hana ushahidi wowote.

Kinachoamsha magamba

Ugonjwa huu huja na kupoa. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una hali ya hewa za aina mbili. Huku juu, Tunduma, Vwawa na Ileje, baridi na upepo mkavu wa Juni hadi Agosti huikausha ngozi, wakati bondeni kuelekea Ziwa Rukwa joto ni kali. Wagonjwa wengi huona mabaka yakizidi majira ya baridi, ngozi inapokauka na kufunikwa kwa nguo nzito mchana kutwa.

Vichochezi vingine ni pombe, tumbaku, unene, msongo wa mawazo na maambukizi ya koo. Mtoto anayeugua koo kisha baada ya wiki mbili au tatu akatokwa na vibaka vidogo kama matone ya mvua mwilini, huenda ana aina ya soriasisi ambayo mara nyingi hutulia yenyewe. Baadhi ya dawa pia huamsha ugonjwa, zikiwamo lithiamu na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, nayo imo katika orodha hiyo.

Jambo moja linastahili kusisitizwa katika mazingira yetu. Ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, baka jipya laweza kuota palepale penye jeraha. Hii ina maana kwamba chale za wembe zinazochanjwa na waganga wa kienyeji ili kuutoa ugonjwa zinaweza kugeuka kuwa mistari mipya ya magamba. Majani makali yanayounguza ngozi hufanya vivyo hivyo, na kusugua mabaka kwa jiwe au dodoki gumu hadi yatoke damu hakuna tofauti. Mgonjwa huondoka kwa mganga na mabaka mengi kuliko aliyokwenda nayo, akaambiwa kuwa ugonjwa ulikuwa umejificha ndani.

Tiba huanza na mafuta

Hakuna dawa inayoiondoa soriasisi moja kwa moja. Yeyote anayeahidi hivyo, awe na duka au mkoba, hasemi kweli. Lakini inadhibitika, na wagonjwa wengi huweza kukaa miezi au miaka ngozi ikiwa safi.

Msingi wa tiba ni wa gharama ndogo. Mgonjwa aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, aiache sabuni ya mche kwa ajili ya nguo, ajikaushe kwa kugandamiza taulo bila kusugua, kisha ndani ya dakika chache apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili mzima. Arudie angalau mara mbili kwa siku, hata siku ambazo haoni baka. Wengi hulidharau jambo hili kwa sababu halionekani kuwa dawa, lakini bila mafuta dawa nyingine haipenyi magamba.

Baada ya hapo huja marhamu ya asidi ya salisili, ambayo hulainisha na kuondoa magamba mazito, hasa ya kichwani, nyayoni na viganjani. Lami ya makaa ya mawe nayo ni dawa kongwe inayofanya kazi. Mwaka 1925 daktari wa Marekani William Goeckerman alieleza tiba ya kuiunganisha na mwanga. Hasara zake ni harufu, madoa kwenye shuka, na kuifanya ngozi iungue upesi kwa jua, hivyo ni heri ipakwe usiku. Kuna pia kalsipotrioli, dawa ya jamii ya vitamini D, ambayo haikondeshi ngozi. Haifai kupakwa pamoja na asidi ya salisili, kwa kuwa asidi hiyo huiharibu.

Steroidi za kupaka hutumika kwa mpango. Usoni, makwapani na kinenani ni zile hafifu tu. Kwa viwiko, magoti na mgongo daktari anaweza kuandika kali kama klobetasoli, lakini kwa kawaida si zaidi ya wiki mbili mfululizo, wala si zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Kipimo cha nyumbani ni hiki: dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye mrija, kuanzia pingili ya mwisho ya kidole cha shahada hadi ncha yake, ni kama nusu gramu, nayo yatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Baka likitulia, dawa hupunguzwa taratibu, haikatwi ghafla.

Jua la asubuhi nalo ni tiba, kwa dakika chache zinazoongezwa polepole, bila kufika hatua ya kuungua. Wenye ualbino wasijaribu njia hii kabisa.

Pale mafuta yasipotosha

Ikiwa mabaka yameenea sehemu kubwa ya mwili, kucha zimetoboka vishimo au kunyanyuka, au viungo vimeanza kuuma na kukakamaa asubuhi, mgonjwa asiendelee kubahatisha. Soriasisi inaweza kushambulia viungo na kuviharibu kabisa ikiachwa. Aidha, huambatana na kisukari na maradhi ya moyo mara nyingi kuliko kawaida, hivyo shinikizo la damu na sukari vipimwe.

Kwa mkazi wa Tunduma njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au ya mkoa, na hatimaye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, umbali wa kilomita zipatazo 100. Nchini kuna pia Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda kilichoko KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha watumishi wa afya wa Tanzania na wa nchi jirani. Inafaa kuuliza hospitalini kama yupo mtumishi aliyesomea ngozi huko. Moshi yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na si kila mgonjwa anahitaji kufika.

Zipo hali mbili zisizosubiri miadi. Ya kwanza ni ngozi ya mwili mzima kuwaka, kuvimba na kubanduka huku mgonjwa akitetemeka kwa baridi. Ya pili ni vipele vya usaha vinavyotapakaa pamoja na homa. Zote mbili zinaweza kuua, na kisababishi kimojawapo kinachojulikana vyema ni vidonge au sindano za steroidi, kama prednisoloni, vilivyotolewa kwa ajili ya magamba kisha vikakatishwa ghafla. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa amefunikwa blanketi.

Sindano za kisasa za kibayolojia zinafanya kazi vizuri sana, lakini bei yake iko mbali na mkulima wa kahawa wa Mbozi. Dawa iliyo karibu zaidi ni methotreksati, ambayo imethibitishwa kwa miaka mingi na ni rahisi. Kabla ya kuanza, mgonjwa hupimwa damu, ini na figo, na huchunguzwa kifua kikuu. Mjamzito hapewi, na anayeitumia hapaswi kushika mimba wala kunywa pombe. Asiitumie pamoja na Septrin, dawa ambayo watu wengi humeza bila kuuliza, kwa kuwa mbili hizo zikikutana zinaweza kuangamiza chembe za damu.

Methotreksati ya soriasisi humezwa mara moja tu kwa wiki. Kosa la kuimeza kila siku limeua watu katika nchi mbalimbali, wakiwamo waliokuwa chini ya uangalizi wa hospitali. Mgonjwa achague siku moja, na jina la siku hiyo liandikwe kwenye pakiti kwa maneno. Dereva anayevuka kwenda Nakonde na kuendelea kusini asafiri na pakiti hiyo, aioneshe kwa kila mhudumu wa afya atakayemtibu njiani, hata kama anachoumwa siku hiyo ni malaria.