Masomo Yetu: Kutoka Fimbo Mpaka Ulizo la Mtoto



Katika siku hizi za Jubile tunahesabu mambo mengi: wabatizwa, ndoa, makanisa yaliyojengwa, watumishi waliotutangulia. Ni haki tuhesabu masomo vilevile, kwa maana katika sehemu zetu za mashariki ya Kongo kanisa na masomo vilizaliwa pamoja, mara nyingi chini ya paa moja la majani. Lakini mwenye kufuata historia hiyo anaona jambo moja la kushangaza. Kwa miaka mingi wakubwa walishindania ulizo hili: masomo ni mali ya nani, ya Serikali ao ya Kanisa? Ulizo la pili lilikawia sana: mtoto mwenyewe anajifunza namna gani? Tunataka kueleza safari ya ulizo hilo la pili, kwani haijafika mwisho, na kila mmoja wetu ana kazi ndani yake.

Mwanzo wa mbegu

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, aliwaagiza wana wake wajifunze lugha za watu waliotumwa kwao. Mwaka wa 1885 walipokea kituo cha Mpala, kandokando ya ziwa Tanganyika, na katika misheni zao za Kongo ya Juu walitumia Kiswahili. Mmoja wa watoto waliosoma Mpala ni Stefano Kaoze. Katika miaka ya 1910 na 1911 alitolewa maandiko yake kwa Kifaransa juu ya mawazo na roho ya Wabantu. Tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917, huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, alipewa upadri, Mukongomani wa kwanza katika nyakati hizi mpya. Tutazame vema: mtoto aliyekaribishwa katika lugha ya karibu aliweza kisha kusema na wageni katika lugha yao, na kuwaeleza watu wake ni nani.

Mapatano na programu

Tarehe 26 ya mwezi wa tano 1906, Baba Mtakatifu na Serikali ya mfalme Leopold wa Pili walipatana. Misheni zilipewa mashamba, kila moja hektari 100 mpaka 200, na kwa upande wao zilipashwa kufungua masomo ya kulima na ya kazi za mikono. Kwa mapatano ya miaka ya 1925 na 1926, Serikali ya koloni ilianza kusaidia kwa feza masomo ya misheni za Wabelgiji, na mwaka wa 1929 programu yake ilichapwa: miaka miwili ya daraja la kwanza, miaka mitatu ya daraja la pili.

Tusidharau kazi hiyo. Walimu wa vijiji walikwenda kwa miguu, wakala mshahara mdogo, wakawafungulia maelfu mlango wa kusoma. Lakini namna ya kufundisha ilikuwa moja: mwalimu anasema, darasa lote linaitikia. Mtoto aliyeshika maneno kwa kichwa alihesabiwa kuwa na akili. Aliyeuliza sababu alionekana mtundu, na fimbo ilikuwa karibu. Mwangalizi alipofika alitaka kusikia majibu. Maulizo ya watoto hayakuwa na mahali katika karatasi yake.

Ugomvi wa wakubwa

Kuanzia mwaka wa 1954 Minista Auguste Buisseret alifungua masomo ya Serikali yasiyo ya dini, na ugomvi wa Ubelgiji ukavuka bahari mpaka kwetu. Kisha Uhuru wa 1960, programu ya mwaka wa 1962 iliweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundisha tangu mwaka wa kwanza. Nia ilikuwa kuunganisha inchi kubwa yenye lugha nyingi. Lakini mtoto wa miaka sita alijikuta anafundishwa hesabu kwa maneno ambayo mama yake hakuwahi kuyatamka. Alipojua jibu, alikosa neno. Alipopata neno, hakujua maana yake. Hapo kukariri kukawa kimbilio la mwanafunzi na la mwalimu pia.

Mwaka wa 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Huku kwetu Serikali ilitwaa masomo yote mwishoni mwa mwaka wa 1974, na somo la dini likaondolewa. Tarehe 26 ya mwezi wa pili 1977 mapatano mapya yalitiwa sahihi, na masomo yakarudi katika uongozi wa Kanisa Katolika, Waprotestanti na Wakimbangisti. Tangu hapo Serikali inaweka programu na kupashwa kulipa walimu; Kanisa linaongoza kwa njia ya koordinasio ya kila diosezi. Ulizo la mali lilipata jibu. Ulizo la mtoto lilibaki mlangoni.

Likabaki mlangoni kwa kweli, maana feza za Serikali zilipokauka, mwaka wa 1992 iliamuliwa wazazi wasaidie mshahara wa walimu. Kwa sadaka yao masomo hayakufungwa, tuwaheshimu. Lakini mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani, hata kama alikuwa mwenye bidii kuliko wote. Na tangu mwaka wa 1996 vita vilifukuza wanafunzi na walimu katika vijiji vingi.

Mtoto anawekwa katikati

Katiba ya mwaka wa 2006 iliandika kwamba masomo ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ya bure. Sheria ya tarehe 11 ya mwezi wa pili 2014 ilitaja lugha za taifa na lugha za mahali kuwa lugha za kufundishia. Mwaka wa 2018 programu mpya ya hesabu na sayansi ilianza katika mwaka wa saba, nayo inamtaka mwalimu aanzie katika jambo la maisha. Mwezi wa tisa 2019 malipo ya masomo ya msingi yaliondolewa, na madarasa yakajaa.

Kuanzia katika jambo la maisha ni nini? Tuchukue mfano. Zamani mwalimu aliandika kanuni ya sehemu za hesabu juu ya ubao, na watoto waliinakili. Leo analeta debe la maharagi: mama ameuza nusu, robo amempa jirani, amebakiwa na ngapi? Watoto wanapima, wanabishana wawili wawili, kisha wanaeleza njia yao. Kosa la mtoto haliitwi aibu. Ni taa inayomwonyesha mwalimu pale ambapo somo halikufika. Kanuni inakuja mwishoni, na mtoto anaijua kama mtu anayejua njia ya kwenda mtoni.

Na mwalimu naye anabaki mwanafunzi. Walimu wanakutana, mmoja anafundisha mbele ya wenzake, wanaongea pamoja: nani hakuelewa, na kwa nini? Juma lijalo wanajaribu tena. Marekebisho ya namna hii hayana siku ya mwisho.

Wazee fulani wanasema: bila fimbo hakuna heshima. Wengine wanasema: watoto ni wengi mno, benchi ni chache, nani ataweza kumsikiliza kila mmoja? Neno la pili ni la kweli na zito. Tena Ekzame ya Serikali, iliyoanza mwaka wa 1967, inawavuta wengi kurudia kukariri. Lakini babu zetu walifundisha kwa vitendawili kando ya moto, na kitendawili ni nini ila ulizo linalomlazimisha mtoto afikiri? Hakuna aliyekosa heshima kwa sababu aliulizwa. Na katika darasa kubwa, wanafunzi wanaosaidiana ni mikono mingi kwa mwalimu mmoja.

Basi Jubile hii itudai kitu. Mzazi asimwulize mtoto jioni tu, «Umepata pointi ngapi?» Amwulize pia, «Leo umeuliza nini?» Komite ya wazazi itafute benchi na vitabu vya Kiswahili kabla ya kutafuta rangi ya kuta. Mapadri wetu wanapotembelea masomo waingie darasani, wakae nyuma, wasikilize watoto. Wanafunzi wa leo ndio watakaotuhesabu katika Jubile itakayofuata. Tuwafundishe leo kufikiri, ili siku ile wahesabu kwa haki.