Sheria ya tatu: usinakili

Vijana wenzetu, huku Busitema, wilaya ya Busia, darasa letu la kuchora kwa kompyuta lina sheria tatu. Fika kwa wakati. Usifute faili la mwenzako. Usinakili picha ya mtu. Hiyo ya tatu wengi wanalalamika: "Si picha zimejaa tu kwenye intaneti?"

Lakini sheria hiyo imeitangulia kompyuta. Mwaka 1937 Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa kwenye baraza ya nyumba yake Kampala. Wanafunzi walisimuliwa jambo, kila mmoja akachora alivyoliona kichwani mwake. Darasa lile likawa shule ya sanaa ya Makerere. Elimo Njau wa Tanganyika alisoma pale, kisha mwaka 1965 akashiriki kuanzisha Paa ya Paa, Nairobi. Alifundisha kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi.

Sisi wakimbizi tumeshachorwa sana na wengine: hema, foleni, mtoto analia. Tukinakili hizo, nani atachora nyumba tulizoziacha? Basi kipindi kijacho usije na picha uliyopakua. Njoo na unachokikumbuka, hata kama mkono bado mzito. Tutasaidiana.